Kutia Namba kwa Kompyuta, na Kosa Lililotupata

Wale waliokuwako kanisani kwetu tarehe 2 Novemba mwaka jana, Siku ya Marehemu Wote, wanakumbuka ya kuwa yalisomwa majina sita ya wanafunzi wa zamani waliofariki katika mwaka ule, na ya kuwa jina la tatu lilipotajwa, mzee mmoja aliyeketi karibu na nguzo aligeuka akatutazama. Alikuwa amesikia jina lake mwenyewe. Misa ilipokwisha alinijia pale nje, nami nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, mwanangu. Mmeniombea vizuri, nami nawashukuru. Lakini sijafa."

Watu walicheka, na mzee mwenyewe alicheka. Hakucheka mama mmoja, mjane, aliyesafiri siku nzima kwa basi ili alisikie jina la mumewe likisomwa, nalo halikusomwa. Jina hilo lilipotea kwa ajili ya namba, na namba hiyo niliitia mimi.

Tangu siku ile wengi wameniuliza kama kompyuta ilikosea. La, haikukosea. Ilifanya sawasawa na nilivyoiagiza, wala haikuongeza neno wala kupunguza. Mhariri amenipa kurasa hizi nieleze ilivyokuwa, nami naona yafaa nianze mwanzo kabisa, maana wadogo zetu wa kidato cha pili wameanza kujifunza kuandika programu, nao watakutana na mambo haya haya.

Orodha ya wanafunzi wa zamani iliandikwa kwa mkono katika madaftari matatu makubwa. Mimi na wenzangu wawili tuliinakili katika kompyuta kwa muda wa likizo mbili, tukaifanya ukurasa wa tovuti ili walio mbali waweze kuisoma. Walikuwamo watu 411. Kila mtu ana kichwa chake chenye jina, na chini yake mistari michache: miaka aliyosoma, kijiji alikotoka, kazi aliyofanya. Twahitaji namba kwa sababu majina yetu yanafanana. Ukisema "Petro aliyemaliza mwaka 1974", wako watatu. Ukisema "namba 131", ni mtu mmoja tu.

Kurasa za namna hii huandikwa kwa lugha iitwayo HTML. Aliyeitunga ni Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyefanya kazi katika CERN, karibu na mji wa Geneva, na maelezo ya kwanza ya alama zake yalitolewa mwaka 1991. (Nawaomba wasomaji waukumbuke mji huo wa Geneva, maana tutarudi huko.) Lugha hii si ya kufanya hesabu. Kazi yake ni kuyazungushia maandishi alama zinazosema kila kipande ni kitu gani. Kichwa cha daraja ya tatu huandikwa hivi:

<h3>Petro</h3>

Alama ya kwanza hufungua, na ile yenye mkwaju hufunga. Ndani ya alama ya kufungua twaweza kutia kitambulisho, kwa mfano <h3 id="mtu-131">, na tangu hapo mtu akiandika anwani ya ukurasa wetu na kuimalizia kwa #mtu-131, kivinjari chake kitampeleka moja kwa moja mpaka kwenye kichwa kile. Basi kazi yetu ilikuwa kutia vitambulisho 411, kila kimoja na namba yake. Mwenzangu mmoja alianza kuvitia kwa mkono. Alipofika 63 aligundua kwamba 41 ameiandika mara mbili, akaiacha kazi hiyo akaenda kucheza mpira.

Kila programu ya kuhariri maandishi ina njia ya kutafuta neno na kuweka neno jingine mahali pake. Basi tukaiambia: tafuta <h3>, weka <h3 id="mtu-1">. Ikatafuta, ikaweka, na kazi ikaisha kabla sijavuta pumzi. Lakini watu wote 411 wakawa namba moja. Hapakuwa na wa pili wala wa mwisho.

Nikadhani dawa ni kuandika programu. Nilitumia lugha ya Python, aliyoianzisha Guido van Rossum wa Uholanzi na kuitoa mwaka 1991, nikaandika hivi:

hesabu = 1
maandishi = re.sub('<h3>', '<h3 id="mtu-' + str(hesabu) + '">', maandishi)

Hapa re.sub ni agizo la kutafuta na kubadilisha, na str hugeuza namba iwe maandishi. Nilifikiri kwa kuwa nimeandika "hesabu" badala ya 1, basi kompyuta itahesabu. Matokeo yakawa yale yale. Sababu yake yapasa ieleweke vizuri, kwa kuwa ndiyo kiini cha kazi yote: kabla re.sub haijaanza kutafuta, Python huyakamilisha kwanza maneno yaliyo ndani ya mabano. Huisoma hesabu, huikuta ni 1, huunganisha vipande, na kumkabidhi mtafutaji kitu kilichokwisha tengenezwa. Ni kama kumpa karani muhuri uliokwisha chongwa. Atapiga karatasi mia nne, na zote zitakuwa na chapa ile ile, si kwa uvivu wake, bali kwa kuwa muhuri haujui umepigwa mara ngapi.

Lakini wale waliofanya kazi ofisini wanajua uko muhuri wa namna nyingine, wenye magurudumu ya tarakimu ndani yake. Kila ukiubonyeza, gurudumu husogea mahali pamoja, na karatasi inayofuata hupata namba inayofuata. Huo ndio tuliouhitaji, muhuri wenye kumbukumbu. Katika Python hupatikana kwa kumpa mtafutaji fungu la maagizo lenye jina lake, ambalo waandishi wa programu huliita fanksheni, badala ya kumpa maandishi yaliyo tayari:

hesabu = 0
def weka_namba(m):
    global hesabu
    hesabu = hesabu + 1
    return '<h3 id="mtu-' + str(hesabu) + '">'
maandishi = re.sub('<h3>', weka_namba, maandishi)

Angalieni ya kwamba katika mstari wa mwisho jina weka_namba halina mabano baada yake. Hatuiambii kompyuta ifanye kazi ile sasa. Twampa mtafutaji jina la mtu wa kumwita. Naye hupita katika maandishi toka juu kwenda chini, na kila akikuta <h3> husimama, humwita weka_namba, humkabidhi alichokiokota (ndicho hiki kiitwacho m), hungoja jibu, huliweka pale, kisha huendelea na safari. Neno global ni la lazima. Bila hilo Python hudhani hesabu ni kitu cha mle ndani kilichozaliwa sasa hivi, nayo hugoma, ikisema haijapewa thamani. Katika JavaScript mambo ni hayo hayo, nako replace hukubali kupewa fanksheni. Ila ukisahau herufi g mwishoni mwa kitafutwacho, itabadilisha kichwa cha kwanza tu na kuviacha vingine vyote.

Tulifurahi sana jioni ile. Asubuhi yake Mwalimu wetu wa hesabu aliipitia orodha, akauliza kwa upole, "Mapadre wako wapi?"

Ni kweli, katika orodha yote hakuna hata padre mmoja aliyepata namba. Sisi wenyewe tulikuwa tumewatilia alama ya pekee ili majina yao yaonekane kwa rangi nyingine, tukaandika <h3 class="padre">. Mtafutaji aliagizwa atafute herufi nne, yaani kipembe cha kushoto, h, 3 na kipembe cha kulia, zikifuatana pasipo kitu katikati. Kwa mapadre, baada ya 3 ilikuja nafasi tupu, basi akawapita kama watu asiowajua.

Hapo ndipo inapotakiwa ruwaza, ambayo waandishi wa programu huiita rejeksi. Ruwaza ni maelezo ya umbo la kitu, wala si kitu chenyewe. Tuliandika <h3[^>]*>, maana yake: kipembe, h, 3, kisha herufi zo zote zisizokuwa kipembe cha kulia, ziwe nyingi, ziwe chache, zisiwepo kabisa, kisha kipembe cha kulia. Ile nyota ndiyo inayosema "nyingi, chache, au hakuna". Huitwa nyota ya Kleene, kwa jina la Stephen Kleene, mwanahisabati wa Marekani, ambaye mwaka 1951 aliandika juu ya mitandao ya neva, akitaka kujua ni mifuatano gani ya ishara ambayo mtandao kama huo waweza kuitambua. Maandiko yake yalipigwa chapa mwaka 1956. Hakuwa akifikiri juu ya kuhariri maandishi hata kidogo. Ni Ken Thompson, mwaka 1968, aliyechapisha njia ya kuifanya kompyuta itafute maandishi kwa ruwaza hizo, na tangu hapo zimeenea katika karibu lugha zote za programu.

Nyota hiyo ni mtumishi mzuri lakini ina tabia ya ulafi. Baada ya kuwapata mapadre, tulitaka namba ionekane pia mbele ya jina, basi tukaandika ruwaza ya kukamata kichwa kizima, <h3[^>]*>(.*)</h3>. Nukta ni herufi yo yote, na nyota ni mara nyingi kadiri iwezekanavyo. Katika kompyuta ya maktaba ilifanya kazi barabara. Tulipoijaribu kwenye ukurasa uliokwisha kuwekwa katika mtandao, Bwana wa kwanza alipata namba 1 na wengine wote hawakupata kitu. Tulihangaika siku mbili. Kumbe ukurasa ule ulikuwa umepitishwa katika programu ya kuubana ili usomeke upesi mahali penye mtandao dhaifu, na programu hiyo ilikuwa imeifuta miisho ya mistari. Katika Python, nukta haivuki mwisho wa mstari isipokuwa umeiruhusu. Katika maktaba kila jina lilikaa katika mstari wake, kwa hiyo ulafi ulikuwa na ukuta wa kuuzuia. Ukuta ulipoondolewa, ruwaza ilianza katika <h3> ya kwanza, ikameza watu wote, ikatulia katika </h3> ya mwisho kabisa, na kwa hesabu yake hicho kilikuwa kichwa kimoja. Dawa yake ni alama ya kuuliza baada ya nyota, yaani .*? ambayo huiambia ile mara chache kadiri iwezekanavyo. Alama moja, na siku mbili zimepotea.

Lazima niseme pia lile ambalo Mwalimu alituonya tangu awali, nasi hatukusikia. Ruwaza haielewi HTML. Huona herufi tu. Katika orodha yetu mtu mmoja aliandikwa mara mbili, nasi tukaificha ile ya pili kwa alama za maelezo, <!-- na -->, ambazo kivinjari hakionyeshi yaliyo kati yake. Mtafutaji alikihesabu kichwa kilichofichwa pamoja na vingine, na msomaji akaona 88 kisha 90. Tena ajihadhari anayetafuta aya kwa <p[^>]*>, maana atakamata na <pre>, ambayo ni kitu kingine. Kwa kazi kubwa, yenye kurasa zilizoandikwa na watu mbalimbali, ni heri kutumia programu inayousoma ukurasa kwa kufuata muundo wake, na Python inayo moja inayokuja pamoja nayo, html.parser. Kwa kazi yetu, ambapo vichwa vyote tuliviandika wenyewe kwa namna moja, ruwaza ilitosha, nami sioni aibu kuitumia.

Haya yote tuliyashinda mnamo mwezi wa Septemba. Namba zikawa 1 mpaka 411, mapadre wakiwamo, hakuna aliyerukwa wala aliyerudiwa. Wala kosa lililotufikisha kanisani halikuwa katika ruwaza, wala katika fanksheni, wala katika nyota.

Mwanzoni mwa Oktoba katibu wa wanafunzi wa zamani aliisoma orodha katika simu yake, akaandika katika karatasi namba za wale waliofariki mwaka ule: 9, 58, 131, 204, 260 na 377. Aliandika namba kwa sababu ile ile niliyoieleza, kwamba majina yanafanana, tena ndivyo sisi tulivyomwomba afanye. Karatasi ikaja kwangu. Kabla sijainakili, mzee mwingine alileta habari ya mwanafunzi wa miaka ya mwanzo aliyesahauliwa katika madaftari. Nilimwingiza mahali pake kwa kufuata mwaka, akawa wa 17 toka juu, nikaiendesha programu upya. Ikafanya kazi yake bila kosa, 1 mpaka 412. Kisha nikaichukua karatasi ya katibu, nikaufungua ukurasa, nikaandika jina la kila namba, nikampelekea Padre.

Msomaji amekwisha kuona. Aliyekuwa 17 alisogea akawa 18, na kila aliyekuwa chini yake alisogea hivyo hivyo. Namba 9 peke yake ilikuwa juu ya mahali pale, naye alisomwa sawasawa. Wale watano wengine, kila mmoja alisomewa jina la jirani yake. Wawili kati ya majirani hao walikuwa wamefariki zamani, na hakuna aliyetambua. Mzee wetu alikuwa 130, akasomwa kama 131. Mume wa yule mama alikuwa 131, na siku ile alikuwa amekaa kimya katika namba 132.

Jumapili iliyofuata majina yalisomwa upya. Mama yule hakuwako, maana nauli ya mara ya pili si kitu cha kumwomba mtu. Tulimwandikia barua.

Nilipomweleza Padre sababu, hakunigombeza. Alichukua Biblia, akafungua Matendo ya Mitume, sura ya 8, katika tafsiri moja ya siku hizi, akaniambia nisome namba za aya tu, kwa sauti. Nikasoma: thelathini na tano, thelathini na sita, thelathini na nane. Nikasimama. Akacheka, akanieleza ya kwamba aya ya 37 haimo katika nakala nyingi za kale zenye kuaminiwa, na kwa hiyo tafsiri nyingi za sasa zimeiondoa katika maandishi, mara nyingi zikiitaja pembeni tu. Lakini hakuna aliyethubutu kusema 38 iwe 37. Wangefanya hivyo, kila kitabu cha mahubiri na kila faharasa inayotaja aya za nyuma yake katika sura ile ingesema uongo.

Namba hizo zina mtu aliyezitia, nami nilisoma habari zake baadaye. Sura ni za zamani zaidi, bali aya za Agano Jipya kama tunavyozijua zilitiwa namba na Robert Estienne, mpiga chapa wa Paris, katika chapa ya Kigiriki aliyoitoa mwaka 1551. Wakati huo alikuwa amekwisha kuhamia Geneva, mji ule ule ambao jirani yake, karne nne baadaye, HTML ilizaliwa. Mwanawe Henri aliandika ya kuwa baba yake aliifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo akiwa safarini kutoka Paris kwenda Lyon. Wako wanaosema baadhi ya aya zimekatwa mahali pabaya kwa sababu farasi alikuwa akiruka, lakini huo nadhani ni mzaha. Ninachokiona mimi ni hiki: Estienne alihesabu kwa kufuata mahali, aya ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama programu yangu. Lakini siku chapa ilipotoka, namba zile ziliacha kuwa hesabu ya mahali, zikawa majina. Jina halibadiliki kwa sababu jirani amehama.

Vivyo hivyo namba ya kuandikishwa shuleni. Kila mmoja wetu alipewa namba siku ya kwanza, na akifukuzwa, akihama, au akifa, hapewi mwingine. Nilikuwa na mfano huo katika kola ya shati langu miaka yote, wala sikuufikiri.

Basi tuliichukua nakala ya Septemba iliyohifadhiwa, tukazirudisha namba 1 mpaka 411 kwa wenyewe, na tukaiandika fanksheni upya:

def weka_namba(m):
    global hesabu
    if ' id="' in m.group(0):
        return m.group(0)
    hesabu = hesabu + 1
    return '<h3 id="mtu-' + str(hesabu) + '"' + m.group(1) + '>'
maandishi = re.sub(r'<h3([^>]*)>', weka_namba, maandishi)

Kitu m.group(0) ni chote kilichookotwa, na m.group(1) ni kile kilicho ndani ya mabano ya ruwaza, mathalani ile class="padre", ambayo sasa hurudishwa mahali pake badala ya kupotea. Mtafutaji akileta kichwa chenye kitambulisho tayari, fanksheni hukirudisha kama kilivyo. Asiye nacho hupewa namba inayofuata. Faida moja hatukuitazamia: zamani, kila ukiiendesha programu, ilivifuta vitambulisho vya kwanza na kuvitia vingine upya. Sasa waweza kuiendesha mara kumi, na mara tisa haitafanya lo lote.

Limebaki swali la mahali pa kuanzia kuhesabu. Kwanza tuliiagiza programu itafute namba kubwa kuliko zote iliyomo katika ukurasa. Hapo kuna mitego miwili. Ruwaza hurudisha maandishi, wala si namba, na maandishi hulinganishwa kama katika kamusi, herufi ya kwanza kwa herufi ya kwanza, basi "99" huonekana kubwa kuliko "411". Asiyegeuza kwa int atampa mgeni namba 100, ambayo ina mwenyewe. Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa kuwa hauonekani: aliye na namba ya mwisho akiondolewa katika orodha, tuseme aliandikwa kwa makosa, ile kubwa hushuka, na anayefuata hurithi namba ya mtu mwingine. Kwa hiyo hatuutazami tena ukurasa. Namba ya mwisho iliyotolewa imehifadhiwa katika faili peke yake, na tena katika daftari la maktaba kwa wino. Namba hiyo hupanda tu, haishuki.

Wako wasiopenda jambo hili. Yule mwanafunzi wa miaka ya mwanzo aliyesahauliwa sasa ni namba 412, naye amekaa kati ya 16 na 17, na mwenzangu mmoja husema ukurasa umekuwa kama meno ya mtoto. Kama shida ni macho tu, HTML yenyewe inayo orodha ya <ol> ambayo kivinjari huihesabu bila programu yo yote, na tangu mwaka 1998 lugha ya mapambo iitwayo CSS imekuwa na njia ya kuhesabu vichwa pia. Ni njia safi, nami ningeitumia kwa orodha ya mazao au ya timu za mpira. Lakini namba hizo huhesabiwa upya kila ukurasa unapofunguliwa. Ukimwingiza mtu wa 17, wote husogea, nasi tungerudi palepale karibu na nguzo.

Mpaka nilipoandika haya, daftari lasema 419. Mzee wetu alirudi shuleni mwezi wa pili kumleta mjukuu wake kidato cha kwanza. Alinikuta maktabani, akaniuliza namba yake ni ngapi siku hizi. Nikamwambia ni 130, ile ile ya kwanza. Akanitaka nimwandikie katika kipande cha karatasi, akakikunja, akakitia katika mfuko wa koti, akaenda kulipa ada.